Maumivu ya Kibofu na Maneno Yasemwayo juu ya Bangi

Tumeona ni wajibu wetu leo kuzungumza na askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya wakubwa wao. Jambo lenyewe ni maumivu ya kibofu cha mkojo yasiyokwisha, pamoja na maneno yapitayo makambini na mitaani kwamba dawa yake ni bangi, au njaga kama waitavyo wengine. Wako wasemao kwamba Wazungu wamekwisha kuthibitisha hayo. Kwamba huko kwao madaktari huiandika kwenye vyeti. Na kwamba askari aivutaye kwa ajili ya ugonjwa hana kosa. Maneno haya yana chembe ya kweli ndani yake, na hapo ndipo ilipo hatari. Uongo mtupu hukataliwa upesi, lakini ukweli uliokatwa nusu humpoteza hata mtu mwenye akili timamu.

Sisi twataka kusema mambo mawili, na tungependa yote mawili yasikike sawasawa. La kwanza ni kwamba maumivu hayo ni ugonjwa wa kweli, na anayeugua si mvivu wala si mwongo. La pili ni kwamba kile wanachokichunguza wataalamu katika mmea wa bangi si kile kinachouzwa kwa kificho kikiwa kimeviringwa katika karatasi. Kamanda asiyejua la kwanza huwaonea watu wake. Askari asiyejua la pili hujiangamiza mwenyewe.

UGONJWA WENYEWE

Kibofu ni mfuko wa misuli unaopokea mkojo kutoka kwenye figo. Mtu mzima mwenye afya huenda haja ndogo mara saba au nane hivi kwa siku, na usiku hulala. Yule mwenye maumivu sugu ya kibofu hawezi hivyo. Kadiri mfuko unavyojaa ndivyo maumivu yanavyopanda, chini ya kitovu na pengine hadi kwenye mapaja na kiunoni. Akiisha kwenda haja hupata nafuu kidogo, kisha mambo huanza upya. Wako wanaokwenda mara ishirini, thelathini na zaidi, mchana na usiku, na kila safari hutoka mkojo haba. Mkojo ukipimwa, vijidudu havionekani. Mgonjwa hupewa dawa ya vijidudu mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, naye haponi.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1915 daktari Guy Hunner wa mji wa Baltimore nchini Marekani alieleza juu ya wanawake waliokuwa na vidonda vya namna ya pekee katika ukuta wa kibofu, na hadi leo vidonda hivyo vinaitwa kwa jina lake. Baadaye ikajulikana kwamba wagonjwa wengi wana maumivu yaleyale bila ya kuwa na vidonda hivyo. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo nchini Marekani kinahesabu kuwa ni ugonjwa huu pale maumivu yanapozidi majuma sita, na chanzo kingine, kama vile vijidudu, kikawa hakikuonekana. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Wanaume nao hupatwa, na mara nyingi hudhaniwa kuwa wana ugonjwa wa tezi ya kiume.

Sasa na tuufikirie ugonjwa huu katika maisha ya askari. Mtu amewekwa lindoni saa nne, naye hawezi kukaa nusu saa. Mwingine yumo ndani ya lori la msafara, na msafara hausimami kwa ajili ya mtu mmoja. Askari wa kike yuko katika kambi ya muda ambayo choo chake kiko mbali na hakina mlango. Konstebo anaongoza magari kwenye njia panda tangu asubuhi. Kila mmoja wao hujizuia kunywa maji ili asiende haja, na mkojo unapokolea huuchoma zaidi ukuta wa kibofu. Hulala vibaya, huamka amechoka, na mwishowe huandikwa katika kitabu kwamba ni mkwepa kazi. Basi si ajabu kwamba mtu wa namna hii, rafiki anapomwambia kwa kunong'ona kuwa ipo dawa inayotuliza yote hayo kwa shilingi chache, humsikiliza.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Kabla ya kuizungumza bangi hatuna budi kusema jambo moja ambalo likishikwa litawaokoa wengi. Si kila maumivu ya kibofu ni ugonjwa huu tulioueleza. Yako maradhi mengine yanayofanana nao, na mengi kati ya hayo yanatibika kabisa yakijulikana mapema.

Kichocho cha mkojo ni mojawapo. Minyoo yake humwingia mtu kwa njia ya ngozi akanyagapo au aogapo katika maji yenye konokono wanaobeba viluwiluwi vyake, na mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu. Hapa Uganda kichocho cha tumbo ndicho kilichoenea kando ya maziwa yetu, lakini kile cha mkojo hupatikana katika sehemu za Lango. Huko Somalia, ambako majeshi yetu yametumikia tangu mwaka 2007, kipo katika mabonde ya mito ya Juba na Shebelle. Askari aliyevuka mifereji ya huko, kisha akarudi nyumbani na kuona damu mwishoni mwa mkojo wake, na amwambie daktari wapi alipokuwa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, humezwa kwa kupimwa uzito wa mtu, na mara nyingi dozi moja hutosha. Kichocho kisipotibiwa kwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Kifua kikuu nacho huweza kushuka hadi kwenye figo na kibofu. Yako mawe ya kibofu, yako maradhi ya zinaa, na iko saratani, ambayo kwa wavutaji wa tumbaku huja zaidi kuliko kwa wengine. Yote haya huuma, na karibu yote huweza kutoa damu.

Sasa basi, mtu akiyafunika maumivu hayo kwa moshi wa bangi amefanya nini? Amemnyamazisha mlinzi aliyekuwa akipiga kelele langoni, hali adui yumo ndani. Pengine atalala vizuri kwa miezi sita. Katika miezi hiyo kichocho kitaendelea kutaga, kifua kikuu kitaendelea kula, na saratani ambayo ingeweza kukatwa itakuwa imepita ukuta. Hata kama bangi ingekuwa dawa bora ya maumivu kuliko zote duniani, neno hili lisingebadilika: chanzo hutafutwa kwanza.

WATAALAMU WAMEGUNDUA NINI

Hatupendi kuwaficha wasomaji wetu chembe ile ya kweli tuliyoitaja. Askari ni watu wazima, na mtu mzima huambiwa mambo kamili.

Mwaka 1964 wataalamu Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, nchini Israeli, walifaulu kuitenga ile kemikali iliyomo ndani ya bangi ambayo hulevya, nayo ni THC. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walikipambanua kipokezi cha mwilini ambacho kemikali hiyo hukishika, na mwaka 1993 wenzao wa Uingereza wakapambanua cha pili. Vipokezi hivi ni kama matundu ya kufuli, na THC ni ufunguo mmojawapo. Lakini mwili haukuumbiwa matundu hayo kwa ajili ya bangi. Mwaka 1992 iligunduliwa kwamba mwili wenyewe hutengeneza funguo zake, nao huzitumia kupunguza maumivu na uvimbe. Kemikali zote za jamii hii, za mmea na za mwilini, huitwa kwa jumla kanabinoidi.

Vipokezi hivyo vimo pia ndani ya kibofu cha mwanadamu. Mwaka 2010 wataalamu wa London walitoa habari kwamba kwa wagonjwa wenye maumivu ya kibofu, mishipa ya fahamu yenye vipokezi vya namna ya kwanza ilikuwa mingi kuliko ya watu wenye afya. Huko Wisconsin, Marekani, panya waliochomwa kibofu kwa kemikali walipata nafuu walipopewa dawa inayoamsha vipokezi vya namna ya pili, ambavyo havihusiki na kulewa. Hayo ndiyo yaliyowapa wataalamu matumaini, na matumaini hayo yana msingi.

Lakini panya si askari, na matumaini si tiba. Majaribio makubwa yaliyofanywa kwa watu wenye shida za kibofu yalihusu ugonjwa mwingine, yaani multipo sklerosisi, ambao huharibu mishipa ya fahamu na kumfanya mgonjwa ashindwe kuuzuia mkojo. Katika jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha wagonjwa 630, waliopewa dondoo ya bangi walipungukiwa na matukio ya kutokwa mkojo kwa asilimia 38, na waliopewa THC peke yake kwa asilimia 33. Lakini hata waliopewa dawa bandia, isiyo na kitu ndani yake, walipungukiwa kwa asilimia 18. Jaribio jingine la mwaka 2010, la wagonjwa 135, lilitumia dawa ya kupuliza mdomoni iitwayo Sativex. Katika lengo lake kuu dawa hiyo haikuishinda ile bandia kwa tofauti ya kutegemewa, ingawa wagonjwa waliamka mara chache zaidi usiku kwenda haja.

Kwa ugonjwa wetu huu, wa maumivu sugu ya kibofu, hakuna hadi leo jaribio kubwa la kulinganisha lililothibitisha kwamba kanabinoidi za bangi zinautibu. Huko Italia imejaribiwa kanabinoidi ndogo ya jamaa zile zinazotengenezwa na mwili, isiyolevya na isiyotoka kwenye bangi, na baadhi ya wagonjwa walisema wamepata nafuu. Lakini walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo.

Kuhusu maumivu sugu kwa jumla, wataalamu wenyewe hawajapatana. Mwaka 2017 baraza la wanasayansi la Marekani lilisema upo ushahidi mzito kwamba bangi huwasaidia baadhi ya watu wazima wenye maumivu sugu. Mwaka 2019 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba kiliwaambia madaktari wasiwape wagonjwa wa maumivu sugu dawa zenye THC. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kikasema hakiungi mkono matumizi ya jumla ya dawa hizo, kwa kuwa ushahidi wa faida na wa usalama wake bado haujatosha. Mwenye kusema kwamba jambo hili limekwisha kuthibitishwa hasemi kweli. Mwenye kusema kwamba ni upuuzi mtupu naye hasemi kweli.

Aidha twaomba wasomaji watofautishe kati ya dawa na mmea. Ile dawa ya Sativex hutoa katika kila mpulizo milligramu 2.7 za THC na milligramu 2.5 za CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya. Daktari anajua ametoa kiasi gani, na mgonjwa anajua amepuliza mara ngapi. Msokoto wa kichochoroni hauna kipimo. Mwuzaji mwenyewe hajui nguvu yake, wala hajui kilichochanganywa humo. Mara nyingi huchanganywa na tumbaku, na tumbaku ni adui wa kibofu aliyethibitishwa.

SHERIA NA SILAHA

Wako wadaio kwamba sheria imekwisha kulegezwa. Hapa pia pana ukweli uliokatwa nusu. Tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, tume ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya madawa makali yasiyo na faida kubwa ya tiba, kwa kura 27 dhidi ya 25. Lakini iliiacha katika orodha nyingine ya madawa yanayodhibitiwa. Jirani zetu wa Rwanda, kwa amri ya waziri ya Juni 2021, walifungua njia ya kulima na kusindika bangi ya dawa kwa leseni. Lakini kuivuta kwa starehe huko bado ni kosa.

Hapa kwetu, mwezi Mei mwaka 2023, Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 2015, kwa sababu ilipopitishwa Bunge halikuwa na idadi ya wabunge inayotakiwa. Watu wakatangaza kwamba bangi imekuwa halali. Mahakama haikusema bangi ni njema. Ilisema sheria haikupitishwa ipasavyo. Kabla ya mwaka huo kwisha Bunge likapitisha nyingine. Askari asiulizie sheria kwa mwuza bangi, kama vile asivyouliza njia kwa aliyemtegea mtego.

Zaidi ya sheria, iko silaha. THC hupunguza wepesi wa mtu kuitikia jambo la ghafula, huchafua kumbukumbu ya muda mfupi, na humfanya akosee kukisia umbali na wakati. Wako ambao huwatia hofu na dhana mbaya. Hebu fikirieni mtu wa hali hiyo akiwa na bunduki iliyojaa, ama akiendesha lori lenye wenzake thelathini, ama akiwa mbele ya umati wa wananchi wenye hasira. Hata dawa halali ya namna hiyo, iliyoandikwa na daktari katika nchi inayoiruhusu, isingemwezesha mtu kushika silaha siku hiyo. Maumivu ya askari mmoja hayawezi kupozwa kwa kuhatarisha roho za wengine.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Je, tumwambie mgonjwa avumilie tu? La, hasha. Zipo njia zilizojaribiwa. Mtu huanza kwa kuchunguza ni chakula na kinywaji gani kinachomzidishia. Kwa wengi ni kahawa, pombe, pilipili na matunda makali kama ndimu na machungwa. Kibofu hufundishwa kungoja kidogo kidogo, dakika chache zaidi kila juma. Wako wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaojua kulegeza misuli ya nyonga iliyokazana. Ziko dawa za kumeza kama amitriptilini kwa dozi ndogo za usiku, na ziko dawa zinazotiwa moja kwa moja ndani ya kibofu. Wenye vidonda vya Hunner huweza kuchomwa vidonda hivyo hospitalini wakapata nafuu kubwa. Hakuna hata moja inayowaponya wote, na kila moja ina madhara yake: dawa iitwayo Elmiron, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, tangu mwaka 2018 imehusishwa na ugonjwa wa macho kwa walioitumia kwa miaka mingi. Hilo nalo ni funzo. Dawa iliyopita katika majaribio yote bado hufuatwa na kuchunguzwa; itakuwaje ile isiyopimwa na mtu?

Kwa hiyo basi, twawaambia askari wenye maumivu haya: nendeni kwenye zahanati ya kikosi. Semeni wazi mnakwenda haja mara ngapi, tangu lini, na kama mmeona damu. Kama umekwisha kuijaribu bangi mwambie daktari, kwa sababu dawa atakayokupa yaweza kugongana nayo. Vijidudu visipoonekana na maumivu yakazidi majuma sita, ombeni kupelekwa hospitali kubwa, na msikubali kupewa dawa ileile ya vijidudu mara ya nne.

Maafande wenye kuongoza watu, twawaomba kwa heshima: msimwite mtu mkwepa kazi kabla daktari hajasema. Anayeomba kwenda haja kila baada ya nusu saa haombi upendeleo. Mpangieni kazi iliyo karibu na choo hadi atakapochunguzwa, na askari wa kike wapatieni choo chenye mlango hata katika kambi ya muda. Nidhamu haipungui kwa hayo. Kinachopunguza nidhamu ni askari kuogopa zahanati ya kikosi kuliko anavyomwogopa mwuza bangi.

Nanyi ndugu zetu wa polisi, kazi yenu ni kusimamia sheria kama ilivyo, nasi hatuwaombi mwiache. Lakini mtuhumiwa aliyekamatwa na bangi akisema anaugua kibofu, andikeni alilosema, mwacheni aende haja, na mpelekeni akapimwe. Kama anasema uongo kipimo kitaonyesha, na kama ni kichocho au saratani mtakuwa mmeokoa maisha. Sheria itaendelea kuchukua mkondo wake, na haki ya mgonjwa itakuwa imelindwa vilevile.

Huenda siku itakuja ambapo kutokana na kanabinoidi itapatikana dawa ya kibofu iliyopimwa, isiyolevya, itakayotolewa kwa cheti cha daktari kama dawa nyingine. Siku hiyo ikifika sisi tutakuwa wa kwanza kuitangaza katika ukurasa huu. Mpaka hapo, askari mwenye maumivu na aende kwa daktari, na mkubwa wake amfungulie njia ya kwenda.